Kingamwili za Sungura na Jibu Tulilokataa Kuandika

Hapa Khayega watu wananiita Daktari Rispa, nami nimechoka kukanusha. Mwendesha boda boda akiumwa mgongo anasimamisha pikipiki langoni kwangu kuuliza dawa. Juzi mama anayeuza nyanya karibu na stendi alinishika mkono, akainua picha ya eksirei ya mguu wa mumewe juu kuelekea jua, akataka nimwambie mfupa utaunga lini. Nilimwambia ninachowaambia wote, kwamba maisha yangu yote ya kazi sikumtibu mtu hata mmoja. Nilikuwa fundi wa maabara ya patholojia katika hospitali moja hapa Kakamega. Wagonjwa wangu walinifikia wakiwa kipande kidogo ndani ya chupa ya fomalini, na wengi wao sikuwahi kuziona nyuso zao.

Nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Mna mashine. Mnapanga slaidi, mnabonyeza, mnaenda kunywa chai, mkirudi rangi imeshaingia. Siwaonei wivu. Ama niseme ukweli, ninawaonea kidogo, hasa nikikumbuka mgongo wangu. Ila mashine haitawaambia ni lini muiamini na ni lini mkatae, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia, maana ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu najua hata mama zenu watasoma haya. Titi likiwa na uvimbe, daktari anatoa kipande chembamba kwa sindano nene. Sisi tunakigandisha ndani ya nta, tunakikata kama karatasi nyembamba mno, tunakitandaza kwenye kioo na kukipaka rangi. Hapo chini ya darubini daktari anaweza kusema hii ni saratani. Asichoweza kuona kwa rangi ya kawaida ni saratani hiyo inakula nini. Kuna ambazo chembe zake zina protini inayodaka homoni za kike, na homoni hizo ndizo zinazoilisha. Mwanamke wa namna hiyo anasaidiwa sana na vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka. Kuna zenye protini nyingine kwenye ngozi ya chembe, inaitwa HER2, na hizo zina dawa yake. Kuna zisizo na yoyote. Ukikosea hapo, unampa mtu dawa isiyo yake na kumnyima iliyo yake.

Protini hizo tunazitafuta kwa kingamwili. Kingamwili ni kama askari wa damu anayemjua adui mmoja tu. Watengenezaji wanamdunga sungura protini ya binadamu, mwili wa sungura unaiona ngeni na kuwatoa askari wa kuikamata, na askari hao ndio tunaoletewa ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Unadondosha tone kwenye kioo. Protini ikiwepo, askari wanaing'ang'ania. Kisha unaongeza dawa nyingine inayogeuka kahawia pale tu askari walipo. Ukiona kahawia, ipo. Ukiona samawati tupu, haipo. Nilipomweleza mama yangu hayo mara ya kwanza alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza nyama ya hao sungura huwa inaliwa na nani.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Lihanda, mtu wa Isecheno. Kabla ya hospitali alikuwa amefanya kazi na watafiti wa msituni, akiwakaushia majani na kuwapangia wadudu kwenye masanduku ya vioo, na mikono yake ilibaki na ule upole wa kushika bawa la kipepeo. Alinifundisha kupoza nta kwenye barafu kabla ya kukata. Alinifundisha kuipulizia pumzi kidogo tu, kama mtu anayesafisha miwani, ili kipande kisijikunje. Nikiwa na haraka alikuwa anasimama nyuma yangu mpaka ninapunguza mwendo mwenyewe. Kama slaidi imeharibika hakunilaumu. Alisema, "Tishu haidanganyangi, Rispa. Ni sisi tunaiuliza vibaya."

Kingamwili zilipotufikia, yeye alikuwa na mvi tayari, nami nilidhani ataniachia mimi kazi hiyo mpya. Wapi. Aliichangamkia kama kijana. Shida yetu ya kwanza ilikuwa fomalini. Fomalini inahifadhi tishu vizuri, lakini inazifungafunga protini hivi kwamba askari wa sungura hawapati pa kushika, kwa hiyo lazima uzichemshe slaidi ndani ya maji ya dawa ili zifunguke. Hatukuwa na chombo cha kazi hiyo, basi tukanunua sufuria ya presha sokoni, ile ile ya kupikia maharagwe. Siku ya kwanza tulichemsha kwa bidii. Tulipofungua kifuniko, vioo vilikuwa vyeupe kama madirisha ya kanisa siku ya Pasaka, na tishu zote zilikuwa zikielea juu ya maji. Bwana Lihanda aliinama, akatazama, akasema tumepika mchuzi. Mama wa usafi aliyepita mlangoni aliuliza kama maharagwe yameiva.

Shukuru Mungu zilikuwa slaidi za majaribio. Kutokana na mchuzi ule tulijifunza kutumia vioo vyenye gundi maalumu, kuacha mvuke ushuke wenyewe bila kuulazimisha, na kutomwagia slaidi moto maji baridi kwa ghafla. Hata leo mashine yenu inafanya hayo hayo, ila hamuioni ikifanya.

Kitu kingine alichokisisitiza kilikuwa shahidi. Ndivyo tulivyokiita. Kila tukipaka kipande cha mgonjwa, tunaweka kando yake kipande cha mtu mwingine ambacho tunajua hakika kina protini tunayoitafuta. Shahidi akishika kahawia, tunajua kingamwili imefanya kazi. Shahidi akibaki samawati, tunatupa kazi yote na kuanza upya, hata kama chumba cha upasuaji kinapiga simu.

Sasa nije kwa Bi. Hadija.

Bi. Hadija alikuwa na duka la vitenge Mumias, mke wa mkulima wa miwa aitwaye Athumani. Uvimbe wake ulidungwa kwenye zahanati ndogo ya huko, na kipande kikaletwa kwetu kwa boda boda. Daktari wa patholojia wakati huo alikuwa Daktari Mideva, msichana wa Vihiga, mpole wa sauti, aliyekuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza akiwa anasoma slaidi. Rangi ya kawaida ilionyesha saratani bila shaka. Nikapaka kingamwili zote. Shahidi alishika kahawia safi kabisa. Kipande cha Bi. Hadija kikabaki samawati kwenye kila kioo.

Kwa macho jibu lilikuwa rahisi. Hakuna, hakuna, hakuna. Shahidi ameshasema kingamwili ni nzima. Daktari wa upasuaji alikuwa anangoja karatasi ili aanze mpango wa dawa kali za mshipani, na vidonge vya homoni visingetajwa kamwe.

Tulikuwa na darubini yenye vichwa viwili, tukaketi mimi na Daktari Mideva tukitazama kioo kimoja. Daktari akasogeza slaidi polepole pembeni, mbali na saratani, hadi mahali palipokuwa na mirija ya maziwa isiyo na ugonjwa wowote. Nikaona alichokiona. Mirija mizima ya titi huwa nayo ina protini hiyo ya homoni. Lazima chembe chache zishike kahawia. Ya Bi. Hadija ilikuwa samawati yote.

"Hapa hatuna jibu," Daktari Mideva akasema. "Tuna kioo tu. Mimi siweki sahihi."

Tukajua kilichoharibika ni tishu yenyewe. Nikapiga simu kwenye ile zahanati, na muuguzi aliyepokea alinieleza bila kificho. Fomalini ilikuwa imewaishia, akaona heri akiweke kipande kwenye maji ya dripu kuliko kukiacha kikavu, na kilikaa hivyo kikingoja usafiri. Alikuwa hajafundishwa na mtu yeyote kwamba nyama isiyoingia fomalini mapema inaanza kuoza kimya kimya, na protini ndizo zinazotangulia kupotea. Sikuwa na la kumlaumu. Nilimshukuru kwa kusema kweli, maana angesema ilikuwa fomalini tungezunguka hadi leo.

Kilichobaki kilikuwa kumdunga Bi. Hadija tena. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Muuguzi wa kliniki alimpigia simu, akaambiwa watakuja. Hawakuja. Akapiga tena, simu ikapokewa na mume, akasema mkewe amesafiri. Huku kila siku inayopita ugonjwa haulali. Daktari wa upasuaji naye alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba kama mama huyo harudi basi heri aanzishiwe dawa kwa jibu lililopo kuliko kukosa vyote. Daktari Mideva akaomba apewe nafasi kidogo. Akasema mmoja wetu aende Mumias, na kwa kuwa dada yangu ameolewa Matungu na njia ninaijua, nikaenda mimi.

Watu wa maabara hatuendi kwa wagonjwa. Nilifika pale dukani nikiwa na woga wa mwanafunzi. Nikatoa salamu, "Asalaam aleikum," nikaitikiwa, nikakaribishwa nyumba ya nyuma, nikapewa kiti. Bi. Hadija hakuwa amesafiri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa uso, mwenye mtandio wa kijani, na aliketi ameuweka mkono mmoja juu ya titi lile kama mtu anayemlinda mtoto. Mumewe aliketi karibu na mlango.

Athumani ndiye aliyeanza. Alinieleza kwa heshima kwamba shemeji yake mkubwa, dada ya Hadija, alikatwa titi akafa kabla hata mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Wazee walisema chuma kikigusa ugonjwa huo kinautawanya. Walikubali sindano ya kwanza kwa kuogopa kuwakatalia watu wa hospitali, na sasa wanasikia kipande kimepotea.

"Mlimdunga mkakosa," akasema. "Sasa mnataka kudunga tena. Mkikosa tena, dada, mtakuja mara ngapi?"

Nikasema kipande hakikupotea, ninacho, lakini kiliharibika njiani. Nikaona maneno yangu ya protini na homoni yanapita juu ya vichwa vyao kama ndege. Ndipo nikamgeukia Bi. Hadija nikamuuliza, usiku ukiingia nyumbani ukakuta chumba kimoja kiko giza na vingine vinawaka, utasema nini. Akasema balbu ya chumba hicho imekufa. Nikamuuliza, na ukikuta nyumba nzima giza?

"Hapo stima imepotea," akasema. "Siwezi jua balbu gani ni nzima."

Nikamwambia kipande chako kilikuwa nyumba yenye giza lote. Hata sehemu zako nzuri, zisizo na ugonjwa, ambazo lazima ziwake, hazikuwaka. Ningeweza kuandika kwamba saratani yako haina kitu cha kutibiwa kwa vidonge, na wewe usingejua, wala mumeo, wala pengine mimi. Lakini singekuwa nimeona. Ningekuwa nimekisia.

Athumani akasogeza kiti karibu. Akauliza hiyo dawa tunayotumia imetokana na nini, kwa maana alikuwa amesikia mambo ya hospitali yana nguruwe ndani yake. Nikamwambia ni ya sungura, na haiingii mwilini mwa mkewe hata tone moja, inawekwa kwenye kioo tu. Kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Akasema sungura hana ubaya.

Bi. Hadija hakucheka. "Na ukiona giza tena?" akaniuliza.

"Nitarudi hapa nikuambie ni giza."

Aliinuka akaenda jikoni, nikajua nimekataliwa. Wakaniletea ugali na kuku. Nanyi wa kwetu mnajua, ingokho, yaani kuku, haichinjwi kwa mtu anayefukuzwa, lakini pia inachinjwa kwa mgeni anayeagwa kwa adabu, kwa hiyo nilikula bila kujua ninakula nini, rambirambi au shukrani. Ni wakati Bi. Hadija aliponimiminia maji ya kunawa ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, akitazama beseni. Alisema atakuja Jumatatu, ila mimi niwepo pale pale anapodungwa, nisikae kwenye chumba changu cha vioo.

Jumatatu nilisimama kando ya kitanda chake nikiwa nimeishika chupa ya fomalini, kifuniko kimefunguliwa. Daktari alipovuta sindano, kipande kiliteleza ndani ya dawa kabla Bi. Hadija hajamaliza kushusha pumzi. Aliniangalia nikifunga kifuniko, akaniangalia nikiandika jina lake, akaomba niandike pia jina la baba yake, kwa sababu Mumias akina Hadija ni wengi.

Kazi iliyofuata niliifanya kana kwamba nimeanza kazi jana. Nilipoza nta kama nilivyofundishwa. Bwana Lihanda, aliyekuwa karibu kustaafu, alikata kipande hicho kwa mkono wake mwenyewe, nami nikakidaka kwa ncha ya brashi. Tulichemsha, tukaacha mvuke ushuke. Nikadondosha sungura wangu, nikangoja, nikaongeza dawa ya rangi, nikainama.

Nyinyi hamlioni tena jambo hili, mashine imeliweka ndani ya boksi, na nasikitika kwa ajili yenu. Rangi haiji ghafla. Kwanza kioo ni cheupe tu. Halafu kinakuwa kama mtu amekipumulia moshi. Shahidi alitangulia. Kisha, nilipoweka kipande cha Bi. Hadija chini ya darubini, ile mirija mizima ilikuwa na vitone vya kahawia hapa na pale, kama inavyopasa. Nyumba ina stima. Ndipo nikasogeza kioo kwenye saratani. Kiini baada ya kiini, kahawia iliyokolea, shamba zima. Nilikwenda kumwita Daktari Mideva, naye akaja bila viatu.

Alitazama kila pembe. Akatazama kioo cha HER2, ambapo kama protini hiyo ingekuwepo tungeona mistari kama waya wa banda la kuku kuzunguka kila chembe, na hakikuwa nayo. Kisha akaegemea kiti. "Ya homoni ni nyingi sana," akasema. "Rispa, tuandike." Bwana Lihanda alivaa miwani akatazama naye, akaenda kutupikia chai. Chai ile ilikuwa tamu kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kupima sukari, kwa hiyo nilielewa.

Bi. Hadija alikatwa uvimbe, akapigwa mionzi, akaanza vidonge. Mahindi yakavunwa msimu ule, na uliofuata, na mingine mingi, yeye yupo dukani anapima vitenge. Sisi hatukukaa tu tukijipongeza. Tulianza kujaza chupa za fomalini wenyewe na kuzituma kwenye zahanati za Navakholo, Mumias na kwingineko, tukiwapa waendesha boda boda waziwahishe na kuzirudisha na vipande ndani. Yule muuguzi wa maji ya dripu akawa mwalimu wa wenzake. Alikuwa mkali kuliko mimi. Kipande kikichelewa alikuwa ananipigia simu mwenyewe kabla sijampigia. Tangu hapo vioo vyetu vilianza kusema, na wanawake ambao hapo awali wangeandikiwa "hakuna" walipata dawa zao. Idadi yao sina, wala sikuhitaji. Niliwaona kliniki wakizeeka, na kuzeeka ndiko tulikokuwa tukiwatafutia.

Kwa hiyo mkiwa na mashine yenu, mtazame shahidi kwanza. Kisha mtazame sehemu nzuri za mgonjwa kabla ya zile mbaya. Na kabla ya yote hayo, ulizeni kipande kiliingia fomalini lini na nani alikitia. Mkipata samawati msiyoiamini, kuna watu watawaharakisha, na wengine watakuwa wakubwa wenu, tena wenye nia njema. Simameni hapo hapo. Sisi tulisimama, daktari na mafundi pamoja, na sijawahi kujuta.

Muda mfupi kabla sijastaafu Bi. Hadija alikuja kliniki. Siku hizo alikuwa na desturi ya kuleta wanawake wa Mumias na Matungu walioogopa sindano, anawaketisha kwenye benchi na kuwaambia yeye alidungwa mara mbili na bado anawauzia vitenge. Siku hiyo aliwaacha wenzake nje akabisha mlango wa maabara, akaniuliza kama kile kioo chake bado kipo. Nikamwambia kipo, hatutupi. Akasema anataka kukiona.

Nikakitafuta, nikamketisha kwenye kigoda changu, nikamwonyesha jinsi ya kuweka macho na jinsi ya kuzungusha gurudumu mpaka picha itulie. Mwanzoni hakuona kitu ila kope zake. Halafu mabega yake yakatulia, nikajua ameona. Akauliza vile vya kahawia ndivyo ugonjwa, nikasema ndivyo. Akasema vinafanana na maharagwe yaliyoanikwa uani. Akauliza nani aliyevipaka rangi. Nikasema mimi, na Bwana Lihanda ndiye aliyekata, na Daktari Mideva ndiye aliyesoma.

Aliinua kichwa, akarekebisha mtandio wake, akanitazama.

"Basi wewe unanijua kuliko Athumani," akasema.

Nje wanawake wake walikuwa wanaanza kuitwa majina, na nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akainama tena, akarudisha macho yake kwenye darubini. Sikumharakisha.